Unga mweupe juu ya nyanya: jibu kwa mama wa Pipeline

Swali: "Naishi Pipeline, Embakasi, na nina binti wa mwaka mmoja na nusu. Nyanya ninazonunua huwa na unga mweupe, na sukuma siku nyingine inanuka dawa waziwazi. Jirani mmoja ananiambia nioshe kwa sabuni, mwingine anasema Jik, mwingine siki. Maji kwetu yanatoka mara mbili kwa wiki, nayaweka kwenye mitungi. Mboga za kilimo hai siziwezi, bei yake ni ya wenyewe. Nimefikiria niache kabisa kumpa mtoto mboga za majani mpaka akue kidogo. Nifanyeje? Na maji niliyooshea mboga, naweza kumwagilia gunia langu la dania pale kibarazani?"

Dada, nianze na hilo la kuacha mboga, maana ndilo lililonishtua: usiache. Mtoto wa umri wa binti yako anajenga damu, macho na ubongo, na vitu anavyohitaji kwa kazi hiyo vimo kwenye hizo hizo mboga unazoziogopa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, nalo linajua vizuri kwamba shamba linapigwa dawa. Hasara ya kukosa mboga ni ya hakika na inaanza mapema. Hasara ya mabaki ya dawa ipo, sitakuficha, lakini inaweza kupunguzwa sana kwa mikono yako mwenyewe, hata kwa mtungi mmoja wa maji.

Hofu yako hata hivyo si ya bure. Viwango vya mabaki yanayoruhusiwa kwenye chakula vinapangwa kimataifa na Codex, tume iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO). Wanasayansi hutafuta kiasi cha dawa ambacho hakimdhuru mnyama wa maabara hata akilishwa kila siku, kisha kwa kawaida hukigawanya kwa 100 ndipo wapate kiasi ambacho binadamu anaweza kula kila siku ya maisha yake. Huo ni mwanya mpana wa usalama. Ila mtoto, kwa kila kilo ya mwili wake, anakula zaidi kuliko mimi na wewe, na ini lake bado changa. Ndiyo sababu Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1996, waliongeza kipimo kingine cha mara kumi kwa ajili ya watoto, isipokuwa pale ambapo ushahidi unaonyesha hakihitajiki. Na hesabu hizi zote zinasimama juu ya jambo moja: kwamba mkulima alichanganya dawa kama lebo inavyosema, na akangoja siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Mashaka ya nyanya za Nairobi yanaanzia hapo.

Asubuhi moja nilikuwa Kimana, chini ya Loitokitok, kwenye shamba la nyanya la nusu ekari. Mkulima alikuwa amepiga dawa Jumanne jioni. Alhamisi saa moja asubuhi dalali akapiga simu: lori linakuja, andaa kreti. Nilimuuliza dawa ile inataka kungojewa siku ngapi. Akaniletea chupa ya soda ya nusu lita, imejaa kitu cheupe kama maziwa, haina hata kipande cha karatasi. Alikuwa amepimiwa dukani, kwa sababu chupa nzima hakuwa na pesa zake. Lebo yenye siku za kungojea ilibaki kwenye rafu ya agroveti. "Na hata ningejua," akaniambia, "nikingoja wiki, hizi zitaiva zioze, na lori halirudi." Sikuwa na jibu la kumpa pale shambani. Nakusimulia usije ukamwona mkulima kama mtu anayetaka kukuua. Nyanya haivunwi siku moja kama kabichi. Inaiva kidogo kidogo, inachumwa kila wiki, wakati mwingine mara mbili kwa wiki, na wiki hizo hizo ukungu unashambulia majani na kiwavi cha Tuta absoluta, kilichoingia Kenya karibu mwaka 2014, kinatoboa matunda. Dawa inayotaka siku saba itangojewa wapi, katika zao linalochumwa kila baada ya siku nne?

Sukuma ina tatizo lilo hilo. Tunachuma majani ya chini leo, ya juu wiki ijayo, na vidukari havichukui likizo.

Sasa huo unga mweupe. Mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu inayopulizwa sana wakati wa mvua na baridi ya Julai. Ukikauka unabaki kama vumbi la chaki, mweupe au wenye umanjano kidogo, na hupenda kujikusanya pale juu, kwenye kishimo cha kikonyo. Habari njema ni kwamba mankozebu haiingii ndani ya nyanya. Inakaa juu ya ganda, kwa hiyo inaoshwa. Habari ambayo watu wengi hawaijui ni hii: mankozebu ikipata moto wa sufuria, sehemu yake hugeuka kuwa kitu kiitwacho ETU, na hicho ndicho tunachokihofia, kwa sababu kinavuruga tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayosimamia ukuaji wa mtoto. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha mankozebu kwao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "si tunapika, moto utaua kila kitu", kwa dawa hii usikubali. Unga lazima utoke kabla nyanya haijafika motoni.

Ninajua tunavyopika. Kitunguu kimeshaanza kugeuka rangi kwenye mafuta, unashika nyanya, unaipitisha majini sekunde mbili, unaikatia mkononi juu ya sufuria. Kisu kinapita kwenye ganda lenye unga, kinaingia ndani, na ule wa kwenye kikonyo unadondoka wote ndani ya mchuzi. Badilisha mpangilio huo tu na utakuwa umefanya nusu ya kazi: osha kwanza, kabla hata ya kuwasha jiko, kisha ukate kile kikonyo na duara dogo linalokizunguka, ukitupe.

Kuosha kwenyewe, hivi ndivyo ningefanya na maji yako machache. Chukua soda ya kuokea, ile ya pakiti inayokaa dukani kando ya hamira. Vijiko viwili vidogo vya chai kwa lita moja ya maji. Tumbukiza nyanya, hoho, matango, tufaha, chochote chenye ganda gumu, uache dakika 15. Wakati huo chambua sukuma. Halafu sugua kila nyanya kwa kiganja, moja moja, hasa kule kwenye kikonyo, na uisuuze kwa kikombe cha maji safi. Kipimo hicho sikukitoa kichwani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipaka tufaha dawa mbili, thiabendazoli na fosmeti, kisha wakaziosha kwa njia mbalimbali. Maji yenye soda kwa kiasi hicho yaliondoa asilimia 80 ya dawa ya kwanza kwa dakika 12, na asilimia 96 ya ile ya pili kwa dakika 15, zaidi ya maji matupu na zaidi hata ya maji ya klorini. Ilikuwa ni tufaha na dawa mbili tu, kwa hiyo sikuahidi kwamba kila kitu kitatoka hivyo. Kama soda haipo, usikae mikono mitupu. Utafiti mwingine wa jimbo la Connecticut, huko huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulijaribu dawa 12, na kuosha kwa maji ya kawaida ya bomba kulipunguza mabaki ya 9 kati yake. Sabuni maalumu za kuoshea matunda zilizopimwa nazo hazikuyashinda maji. Kilichofanya kazi kubwa ni msuguano. Mkono wako una kazi kuliko chupa yoyote utakayonunua.

Sukuma inataka subira kidogo. Mwagia jani maji uangalie: yanateleza kama kwenye jani la nduma, yanajikunja vitone na kuanguka. Jani la sukuma, kama la kabichi, lina nta yake ya asili, ule weupe wa kijivujivu unaotoka ukisugua kwa kidole. Huo si dawa, usiogope. Lakini baadhi ya dawa hupenda nta na hunasa humo, na ndiyo maana kulitumbukiza fungu zima kwenye beseni na kulitikisa mara moja hakusaidii sana. Shika jani moja, upande wa chini juu, mimina maji kidogo kwa kikombe, pitisha dole gumba kando ya mshipa mkubwa kutoka kwenye shina hadi ncha. Pale ndipo matone ya dawa hukusanyika, na vidukari hujificha. Geuza, rudia. Sukuma ya shilingi 20 haitazidi dakika tano, na kwa nyanya na mboga zote hizo hutamaliza lita tano. Katakata baada ya hapo. Na hapa nakuomba jambo ambalo litakuongezea kazi jioni: usinunue iliyokwisha kukatwa. Najua mama mboga anakukatia laini kama nywele na umetoka kazini umechoka. Lakini jani lililokatwa haliwezi kusuguliwa, na ukiliosha baada ya kukata, vitamini zinaondoka na maji.

Kabichi ni rahisi: toa majani mawili au matatu ya nje, utupe, suuza linalobaki. Dania ni ngumu kwa sababu tunaila mbichi na majani yake madogo hayasuguliki, kwa hiyo iloweke, itikise, ubadilishe maji mara mbili, na gunia lako la dania nalisifu kwa moyo wote, nitalirudia.

Sabuni, hapana. Ganda la nyanya na jani la mboga vina vitundu, sabuni huingia humo na mtoto akaila. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inawashauri watu wao vivyo hivyo, wasitumie sabuni wala dawa ya kufulia. Jik, yenye klorini, ndiyo nisiyoitaka kabisa kwa kazi hii, na si kwa sababu ya harufu. Klorini inaweza kuzigeuza baadhi ya dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, klorpirifosi ikiwemo, zikawa oksoni, ambayo ni kali kuliko dawa yenyewe ilivyokuwa. Umekusudia kutoa sumu, ukaiongezea makali. Klorini ina nafasi yake, kuua vijidudu katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa hiyo, basi. Siki haina madhara, ila sioni kwa nini utoe pesa kwa kazi ambayo soda na mkono wako wanaimaliza.

Mpaka hapa nimezungumzia dawa iliyo juu. Kuna nyingine ambazo mmea unazinywa: dimethoeti, imidaklopridi, metalaksili. Zinapita kwenye mishipa ya mmea pamoja na maji, zinakaa ndani ya jani na ndani ya nyama ya tunda. Hizo hata uoshe mpaka vidole vikunjamane, hazitoki. Zinaondolewa na muda peke yake, zikiwa bado shambani, na muda huo ndio ule ambao lori la Kimana lilimnyima mkulima. Tuliwahi kufundishwa somo hili kwa hasara. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka kwetu kwa sababu ya mabaki yaliyozidi, dimethoeti ikiwa mojawapo ya dawa zilizolaumiwa, na hapo ndipo wakulima wa mauzo ya nje walipokaziwa masharti. Mboga za kwenda Ulaya zina mtu anayezisubiri na maabara. Gunia linaloshushwa sokoni Marikiti, Nairobi, saa tisa usiku linasubiriwa na mkokoteni. Naamini mtoto wa Pipeline anastahili kupimiwa chakula chake kama mtoto wa Amsterdam, na kila ninapopata nafasi ya kukaa na wahusika nalisema hilo hilo.

Kwa hiyo kwa dawa za ndani, kazi yako inafanyika kabla ya kununua, na mwenzako katika kazi hiyo ni mama mboga. Yeye ananusa na kushika mboga kuliko mtaalamu yeyote. Muulize, kwa upole, bila kumfanya aone unamshtaki: "Mama, hizi zimetoka wapi wiki hii? Anayekuletea ni yule yule?" Mama mboga anayejua shamba la sukuma yake, labda kwa mtu mmoja wa Limuru au Kinangop anayemletea kila juma, ni wa kushika, hata kama unatembea hatua mia zaidi. Ukishazoeana naye, mwambie wazi kwamba sukuma inayonuka dawa hutachukua. Mara nyingi harufu hiyo ina maana imepigwa karibuni. Na ukifika nyumbani ukaosha na bado inanuka, itupe. Najua inauma kutupa chakula. Kwa mtoto, itupe.

Jambo la pili ni kutomlisha mboga moja kila siku. Binti yako akila sukuma na nyanya siku saba, kama shamba lile lina tatizo, analipata mara saba. Mchanganyie. Managu, terere na saga ni mboga za kwetu, zimezoea wadudu wa kwetu, na kwa kawaida hupigwa dawa kidogo kuliko sukuma. Malenge, viazi vitamu, nduma, ndizi, parachichi na minji ya kumenya vina ganda unalolitupa. Mtoto wa mwaka na nusu aliyepondewa malenge na parachichi Jumatatu, akapewa terere laini na ugali Jumanne, sukuma Jumatano, hana sababu ya kukulilia nyanya. Nyanya ukimpa, zioshe, zitumbukize kwenye maji moto dakika moja, ganda litoke lenyewe, umpe nyama ya ndani. Ganda la parachichi au embe nalo lioshe kabla ya kukata, maana kisu hubeba cha nje kukipeleka ndani.

Na kile alichokwisha kula? Naona swali hilo liko nyuma ya barua yako ingawa hukuliandika. Dawa nyingi za sasa hazikai mwilini kama DDT ilivyokaa kwenye mafuta ya wazazi wetu. Huko Seattle, Marekani, watafiti walichukua watoto 23 wa shule na kwa siku tano mfululizo wakawabadilishia sehemu kubwa ya vyakula vyao kwa vya kilimo hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: alama za malathioni na klorpirifosi kwenye mkojo wao zilishuka karibu mara moja, zikawa hazionekani, na waliporudia chakula cha kawaida zikarudi. Mwili wa mtoto unazitoa dawa za aina hiyo kwa siku chache. Kila wiki unayopunguza inahesabika, tangu hii unayoanza.

Utafiti huo pia unanifanya niseme kwamba kilimo hai kina faida ya kweli, na huhitaji kukinunua chote. Ukipata nafasi, peleka hela kidogo kwa majani na nyanya za mtoto peke yake. Ndizi na parachichi za kawaida zinatosha. Tafuta alama ya Kilimohai, iliyoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2007. Neno la mdomo "hii haina dawa" lisikilize, kisha uliza imekaguliwa na nani.

Niruhusu nitoke jikoni kidogo. Nyumba nyingi za Pipeline ni chumba kimoja, na pale chini mtaani kuna mtu anauza dawa ya kunguni na mende katika chupa za maji zisizo na jina. Nimewahi kuipima ya namna hiyo: ilikuwa dawa ya shamba, imepunguzwa kwa maji. Mtoto anayetambaa kwenye sakafu iliyopigwa kitu hicho, akalala kwenye godoro lililopigwa, kisha akatia vidole mdomoni, ananitia wasiwasi kuliko wa nyanya. Kama unayo, itoe leo. Dawa ya nyumbani iwe na lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa hizi nchini. Mtoto akiwahi kutokwa mate kupita kiasi, jasho, kutapika, na mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha sindano, usimpe maziwa wala usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Sasa gunia lako. Ongeza terere ubavuni, inaota haraka na unachuma ndani ya wiki nne hivi. Vidukari vikija, kipande kidogo cha sabuni kilichoyeyushwa kwenye maji, pangusa chini ya majani kwa kitambaa, kisha suuza kesho yake. Gunia la futi tatu halihitaji zaidi ya hapo.

Na yale maji. Ya kwanza, yenye soda na unga wa nyanya, usiyamwagie dania: sumu uliyoitoa kwenye nyanya itarudi kwenye udongo wa chakula chako, na soda itaurundikia chumvi. Yamwage chooni, yatakusaidia kusukuma. Ya pili, ya kusuuza kwa kikombe, yakinge kwenye karai na uyamwagie jioni jua likishapoa, kwenye udongo, si juu ya majani.